K Ilitangulia W

Rafiki yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kidonda cha mkono kimefunga. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi nipo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama.

Mashine ya mabati bado inanguruma. Nafasi yako wamempa mtu mmoja mpole, tunamwita Polepole.

Wiki iliyopita alikuja fundi wa kompyuta, dada mmoja mcheshi, kurekebisha programu inayoandika kila tukio la mashine. Alisema imeandikwa kwa lugha yenye jina la chatu, Python. Nikamuuliza kama haimezi watu, akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba zamani iliandika saa, dakika na sekunde tu, mkia wa sekunde, vile vipande vyake vidogo, ikautupa. Sasa ameongeza alama moja na herufi f, na kila tukio linapata tarakimu sita baada ya nukta. Nikamuuliza, matukio mawili yakiangukia sekunde moja, zamani ilijuaje lipi la kwanza? Akasema haikujua. Iliyapanga kwa alfabeti.

Unaikumbuka karatasi aliyokusomea meneja siku aliyokufukuza: sekunde ya saba, kitufe kimebonyezwa, sekunde ya saba hiyo hiyo, wavu wa kinga umefunguliwa. Akasema uliingiza mkono mashine ikiwa tayari inashuka. Kumbe ni K ya kitufe kutangulia W ya wavu, basi. Nilimwomba yule dada atafute mkia wa siku ile. Akasema ulishatupwa, haurudi.

Kwa hiyo shahidi ni mimi peke yangu. Ndugu yangu, wavu ulikuwa wazi na niliuona. Niliita "toka!" kama kawaida yetu, lakini sikungoja uitikie "nimetoka". Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza. Na meneja alipoisoma karatasi ile nilinyamaza, nikaishukuru moyoni.

Leo asubuhi nimemweleza meneja yote. Aliniuliza kama nina wazimu, kesi si ilishafungwa? Nikamwambia aifungue, aandike kosa ni langu. Akaniamuru nikae nje, na hapa kwenye benchi la korido ndipo ninapokuandikia. Sijui nitaondoka na kazi au bila kazi. Msamaha sikuombi kwa karatasi.

Wasalimie wote nyumbani. Shemeji msomee barua hii yote, asikulaumu tena kwa uzembe.

Ni mimi niliyebonyeza,
Mrefu