Kristina Harudishwi Kabla Hujapimwa

Unyambwa, Singida,
Jimbo la Kati, Tanganyika.
Tarehe 18 Julai, 1954

Mpendwa mume wangu mdogo Alute,

Shikamoo yako uliyoituma kwa mdomo wa Melkiori, mwenzako wa kambi aliyerudi juzi, imenifika, nami naijibu: marahaba, tena marahaba kubwa. U hali gani huko Tanga? Kile kikohozi kimeisha? Unakula ukashiba, au ni ule ugali wa kambi anaousimulia Melkiori, wa kulamba vidole huku tumbo bado linalia? Mimi nipo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, jua likipanda linaniachia. Anayeandika ni Dorika, mke wa mwinjilisti. Mimi nasema tu.

Uwele tumevuna, ingawa ndege walitangulia. Mama yako Marietha ni mzima na anakukumbuka. Mazuri yameishia hapo. Sasa kaa chini, maana nimekasirika.

Baba yako anataka kumrudisha mkeo Kristina kwao. Wazee watakutana mwisho wa mwezi wa nane, tukimaliza kupura mtama, na baba yako mkubwa Naftali ndiye atakayekuwa msemaji. Wanasema miaka minne imetosha, mwanamke ni tasa, aende zake na wewe utafutiwe mwingine. Nilimwuliza, "Paulo, mwanao mwenyewe umemuuliza?" Akanijibu, "Mama, mwanaume anaulizwa nini?"

Hayo yanatoka mdomoni mwa mtu ambaye juzi tu ameaibika mbele ya ng'ombe wake! Hebu nikueleze, uone kama si kichaa.

Unalikumbuka lile dume jeusi lenye pembe pana, analolisifia kila akinywa pombe. Misimu miwili lilipanda majike matatu, na hakuna aliyeshika mimba. Baba yako akasema majike ni tasa. Mmoja tukamla kwenye harusi ya Sara. Wawili akawabadilisha kwa shemeji yake kule Mkiwa, akapewa mtamba mmoja aliyekonda, na akaja nyumbani anacheka kwamba amemtupia shemeji mzigo. Basi wale wawili wamezaa, Alute. Wote wawili, kwa dume la Mkiwa lisilo na sifa wala pembe. Shemeji yake alimtumia salamu za asante, na maziwa kwenye kibuyu.

Alipokuja bwana mifugo kuchanja sotoka, baba yako akamlalamikia yule mtamba wa Mkiwa, kwamba naye hashiki mimba. Yule kijana hata hakumtazama mtamba. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya dume, akashika kende, akaminya, akatikisa kichwa. "Mzee Paulo, upande huu umekuwa mgumu kama jiwe, na huu umesinyaa. Liliwahi kuumwa?" Nikajibu mimi: mwaka juzi lilivimba huko chini likalala siku tisa. Akasema ugonjwa wa namna ile huua mbegu, ingawa dume linabaki na nguvu zake na linapanda kama kawaida. Akasema hata homa kali, au njaa ndefu, au joto jingi, huharibu mbegu kwa miezi, na pengine baadaye zinarudi. Nikamwuliza kama kwa watu ni hivyo hivyo. Akaona haya kidogo, lakini alinijibu: "Ni hivyo hivyo, bibi. Hospitali kubwa wanazitazama mbegu za mwanaume kwa darubini."

Baba yako alilipeleka dume mnadani wiki hiyo hiyo. Na jioni aliyorudi kutoka mnadani, bila hata kunawa miguu, akaanza tena: Kristina ni tasa. Nilitaka kumpiga na mwiko. Mtu mzima na mvi zake!

Sasa nakugeukia wewe. Baba yako hawezi kusema nawe mambo haya, na mama yako ndiyo kabisa. Ni mimi peke yangu, ninayekuita mume nawe ukaniita mke tangu hujaota jino, niliye na ruhusa. Kwa hiyo nasema. Dorika ameweka kalamu chini na kuniangalia. Nimemwambia aandike, yeye ana watoto watano na hakuwaokota kisimani.

Mwaka ule ulipopata matubwitubwi ulikuwa umeshaanza kunyoa ndevu. Mashavu yalivimba, na siku ya nne zikavimba kende, ukalia kama mtoto mdogo usitake mtu aingie. Nilikulaza nyumbani kwangu, nikakuwekea vitambaa vya maji baridi, na nikanyamaza ili usichekwe na wenzako. Nilinyamaza vibaya. Ulipooa nilikumbuka nikajiambia yamepita. Kosa hilo ni langu, sikatai. Lakini na wewe unalijua, Alute, na miaka minne umemwacha binti wa watu anyweshwe mizizi. Mwezi wa tano walimpeleka kwa mganga mpaka Ulemo. Alitapika siku mbili. Sasa mkono wake ni mwembamba kama mpini wa jembe, na bado anaamka kabla yangu kusaga.

Melkiori anasema unachochea moto wa mtambo wa korona, ule wa kukamua mkonge, unasimama mbele ya ule moto tangu alfajiri mpaka saa kumi. Omba kazi nyingine, hata ya kukata mkonge. Punguza pombe. Na kama huko Tanga uliokota kisonono, usimfiche daktari kwa sababu ya aibu. Mimi sitakuuliza. Nitakuuliza ukirudi.

Usiniambie hamkukaa pamoja. Baada ya harusi ulikaa nyumbani misimu miwili mizima, na mwaka jana ulikuja miezi minne. Baba yako anazihesabu siku hizo kwa Kristina tu. Mimi nazihesabu kwenu wote wawili.

Kuna jambo sijapata kukuambia. Kabla ya babu yako niliolewa Ikungi. Nilikaa kwa mwanaume yule miaka mitano. Walininywesha dawa, wakanichanja tumboni, alama ninazo mpaka leo, kisha wakanirudisha kwa baba yangu na chungu kimoja kichwani. Babu yako akanichukua wakati watu wanamcheka kwamba ameoa gunzi. Mwaka haukuisha, nikamzaa shangazi yako Klara. Baadaye wakaja wengine watatu, na baba yako ni mmojawapo. Yule wa Ikungi aliongeza wake wawili, na hakuna aliyezaa. Siku moja tulikutana njiani, mimi nina mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nilimwamkia. Alipita akitazama majani.

Sikufurahi, mume wangu. Alikuwa mtu mpole, alikuwa akinichotea maji nikiumwa. Hakuna aliyemwuliza kitu mapema, na alipojua, alijua mbele ya nchi nzima. Sitaki siku moja ukutane na Kristina njiani namna ile.

Nimemhamishia nyumbani kwangu. Analala kitandani kwangu, upande wa ukutani, na nimemwambia Paulo kwamba anayemtaka atapita juu ya haya magoti mabovu. Nilimwuliza mke mwenzangu huyu moyo wake ukoje. Akasema, "Bibi, nikiambiwa ukweli nitakaa, hata kama mtoto hayupo. Nikiambiwa uongo nitaondoka mwenyewe." Sijasikia neno la akili kuliko hilo katika boma hili mwaka huu wote.

Kwa hiyo, ukimaliza kusoma, nenda hospitali. Mwambie daktari habari ya matubwitubwi na moto wa mtambo, usifiche. Akisema kuna dawa, kunywa. Akisema hakuna, wewe ni Alute wangu vile vile, njoo ukae karibu nami nikukaripie kwa mdomo badala ya karatasi. Na mwandikie baba yako, mistari miwili inatosha, kwamba umepima na mke wako asiguswe. Ifike kabla wazee hawajakaa. Isipofika, nitasimama mimi katikati yao na kuwasimulia ya dume, ya ugonjwa wako, na ya Ikungi, na baba yako atakaa chini asikilize jinsi alivyopatikana.

Mama yako anakusalimu. Shangazi Klara anakusalimu, na Sara, na Melkiori anayesema amekusamehe ile shuka yake uliyoiunguza. Baba yako hajui kwamba nimeandika, lakini nakusalimia kwa niaba yake, maana anakupenda, ila kichwa chake ni kigumu. Kristina amekaa hapa karibu na Dorika. Anasema nikuandikie kwamba yu mzima na anasubiri.

Mungu akulinde kazini na barabarani, na akupe ujasiri wa kuingia mlango ule wa daktari.

Ni mimi bibi yako na mkeo mkubwa, nikupendaye hata nikikufokea,

Magdalena