Tabasamu la Daktari wa Sinema

Shangazi Mokeira,

Nakuomba usome barua hii peke yako, kisha uichome.

Jumapili hapa kambini kwa wafanyakazi wa shamba la chai tulionyeshwa sinema ya zamani ya daktari mwendawazimu aliyeunda mtu kwa viungo vya maiti. Mwigizaji wake alinishangaza. Mkono wa maiti ulipotikisika, alitabasamu kama baba aliyeonyeshwa mtoto wake. Aliwezaje?

Okemwa, mwenzangu wa kazi aliyeketi kando yangu, akaninong'oneza, "Karani, si huyo ni meneja wetu siku ile mashine ya kuchuma chai ilipowashwa mara ya kwanza?"

Sikucheka. Orodha ya wachumaji watakaoachishwa kazi niliichapa mimi, na jina lako ni la nne. Ukiletewa karatasi ya kustaafu kwa hiari, usitie sahihi kabla hatujaonana.

Usipige simu ofisini. Umtume Janeffer, yule anayepima majani ya chai kwenye mizani, aniulize sinema itarudiwa lini, nami nitajua unaniita, nitakuja.

Nyagaka