Kijiko cha Ngano

Winnipeg, 10 Desemba 1986

Mama mpenzi,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hiyo? Sisi wazima, na mjukuu wako Darka ameongeza kilo mbili! Tunakuja Krismasi yetu ya kalenda ya kale, Januari, tutakaa wiki mbili. Ila Mama, nakuomba tena: asile ngano, hata chembe. Daktari alikata kinyama cha utumbo wake mwembamba akakipima. Humo ndani mna vijidole vidogo sana, kama manyoya ya taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwake, ngano ilikuwa imevilaza vyote. Ndiyo maana alikuwa anakula na bado anakonda, tumbo limevimba. Ile ngano ya asali ya Mkesha, yeye mpikie mchele.

Mwanao,
Stefka

Dauphin, 18 Desemba

Stefka mwanangu,

Sijambo, goti ni lile lile. Makubwa haya! Ngano ya shamba letu iliyowasomesha nyote leo imekuwa sumu? Mkesha bila kijiko cha ngano, babu yako angekufukuza mezani. Haya, nitampikia mchele. Naapa kwa kaburi la mwanangu Ivas.

Mama yako

Winnipeg, 20 Februari 1987

Mama,

Sikuulizi hali. Darka ametoka hospitali juzi. Vijidole vimelala tena. Nimemlaumu mwalimu, nimemlaumu jirani, nimejilaumu mwenyewe. Jana mtoto akaangua kilio: "Bibi alinipa kijiko cha ngano kila asubuhi, kule stoo. Akasema Mama asijue."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Umemlisha ugonjwa, umemfundisha kunificha, na ukaapa kwa kaburi la ndugu yangu! Pasaka hatuji.

Stefka

Dauphin, 3 Mei

Stefka mwanangu,

Hamjambo? Hii ni barua ya tatu, hujajibu.

Ivas alikuwa na tumbo lile lile. Miaka mitatu tu. Kadiri alivyokonda, ndivyo nilivyomwongezea uji wa ngano. Mwishoni alikuwa anageuza uso, nami namshika kidevu. Kama daktari wako anasema kweli, basi ni mimi niliyemuua. Nilitaka Darka ale asiugue, nijue si mimi. Siku ya tatu alipotapika, nikasema ni mafua. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako

Winnipeg, 11 Mei

Mama,

Nimesoma, nimelia sana. Ya Ivas hukujua. Ya Darka ulijua, na alipotapika ukampa tena.

Stefka