Sungura wa Kijani na Mstari Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimempata sungura! Niandike taratibu.

Asubuhi nilipewa daftari kuukuu la karani wa mfalme wa Waswidi, la mwaka 1561, nilitengeneze mgongo. Jalada ni ngozi ya ndama. Ndivyo walivyofanya zama zile – mfalme alichukua vitabu vya makanisa, vya kurasa za ngozi, makarani wakavichanachana, wakafungia madaftari yao. Kila mwezi napitisha mikononi vipande vya namna hiyo. Maneno ya Kilatini, nota za nyimbo, basi. Leo nimeibandua ngozi, nimeigeuza. Upande wa ndani: dhahabu. Na pembeni sungura wa kijani anapuliza tarumbeta nyekundu, mashavu yamemvimba!

Namjua. Zaburi yetu – kitabu cha Kilatini cha miaka mia saba, fahari ya maktaba – ina doa la kijani kwenye ukurasa wa mwisho. Ukurasa uliotazamana nao ulikatwa zamani. Katalogi inasema doa la unyevu. Mimi miaka kumi na moja nasema lina masikio. Nimecheka peke yangu karakana nzima.

Jumanne, 5 Machi

Nimemchora sungura kwenye plastiki, nikaigeuza, nikailaza juu ya doa. Sikio juu ya sikio, tarumbeta juu ya tarumbeta! Kurasa mbili zilikandamizana karne mbili, rangi ikahamia upande wa pili. Ndiyo ukurasa uliopotea.

Nimempigia Dokta Kamila, msimamizi wa vitabu vya kale. Yuko mji wa Lund mkutanoni. Hapa kila mtu anaitwa jina tupu, hata mkurugenzi, ila kwake mdomo wangu umekataa, atabaki Dokta. Ndiye aliyeniajiri na cheti changu cha ujalidi wa vitabu cha misheni, cha kule Songea, wakati wengine hawakujua wakisome vipi. Nilimweleza yote. Halafu akasema nisafishe mimi, mwingine asiguse.

Mimi! Nikapanda treni isiyo yangu, kushtuka niko Rissne badala ya Hallonbergen, nyumbani. Heshima, binti yangu, ameniuliza kwa Kiswidi kama nimekunywa.

Alhamisi, 7 Machi

Chini ya ukurasa kulikuwa na ukanda wa karatasi uliogandishwa kwa gundi. Nimeulainisha kwa kitambaa cha maji, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Chini yake mstari mmoja wa wino mwekundu. Nimeunakili kwa penseli. Kipande cha mwisho cha ukanda kimelala juu ya dhahabu – hicho sigusi mpaka Dokta awepo.

Nyumbani nikampa Gervas asome. Mume wangu aliacha seminari mwaka wa nne, sasa anaendesha treni ya Upplands Väsby, lakini Kilatini hakijamtoka. Alikuwa anakatakata mchicha. Orate pro scriptrice, akasoma. Mwombeeni mwandishi. Akasema ni kawaida, wanakili wengi walimaliza hivyo. Akarudi kwenye mchicha. Kisha kisu kikasimama.

"Theresia, una hakika na herufi hizi? Kwetu mwandishi ni mwandishi tu. Kwao huyu ni mwanamke."

Nimemkumbatia na kisu chake mkononi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia mara tisa. -trice. Si -tore ya mwanamume. Mwanamke! Na leo ni Siku ya Wanawake, nani atanisadiki?

Jumapili, 10 Machi

Kanisani nimeimba kwa nguvu mpaka Xavérine, Mrundi tunayesimama naye sauti ya pili, akanigusa kiwiko nipunguze.

Mchana furaha ikaingia doa. Dokta ana kitabu kinene juu ya Zaburi hii. Miaka thelathini anaandika kwamba ni kazi ya mtawa mmoja wa kiume, maneno na picha. "Mtawa wangu", ndivyo anavyomwita, kama mtu wa nyumbani. Maonyesho ya Zaburi yanafunguliwa Jumamosi, na vibao vya maelezo vimeshachapwa. Gervas ameuliza nitamwambiaje. Nimekula wali sahani mbili.

Halafu namkumbuka yule mwanamke na sungura wake, nacheka tena.

Jumatano, 13 Machi

Niko karakana. Dokta amekuja saa nne, begi la safari mkononi. Nikamwonyesha mstari, basi. Akainama na kioo. Akafuata mstari herufi kwa herufi. Nikasema pole, wala sijui pole ya nini.

Akavuta kiti. Akasema polepole kwamba nusu ya maisha yake ameishi na mwanamume ambaye hakuwepo. Sikujua nicheke au nisicheke. Akaanza yeye, na machozi juu, nami nikashindwa kujizuia – tumecheka mpaka tukashika meza!

Katikati ya hayo wakaja watu wa maonyesho na boksi la vibao, wanataka saini yake. Akawaambia wangoje nje. Akafunga mlango mwenyewe. Akauliza chini ya kile kipande kilichobaki kuna nini. Nikamjibu sijui. Labda jina.

"Fungua," akasema.

Nimeweka kitambaa cha maji. Gundi inahitaji dakika kumi, ndiyo maana naandika. Dokta ameshika taa, koti hajavua. Wanagonga mara ya pili. Hageuki. Ukingo wa karatasi umeanza kuinuka. Naona mguu wa herufi kubwa, nyekundu. Inaweza kuwa I, inaweza kuwa M. Dokta anasema niweke kalamu nishike kibano, mikono yake yeye leo haifai –