Kaka, Sote Wawili Tulimpeleka Kwenye Maji ya Moto

Kaka yangu mpendwa,

Simu huipokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unakaa kimya, kwa hiyo nimeamua kukuandikia hadharani. Wanaokujua watakufikishia. Mama angali hai. Naanza na hilo maana najua kila ukiona jina langu kwenye simu unafikiria mabaya.

Unazikumbuka zile Jumapili? Tukitoka kanisani tulimpeleka Mama Nyamyumba kwenye chemchemi ya maji ya moto, kando ya ziwa. Wewe mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukimshusha polepole hadi maji yamfike kiunoni. Mgongo ulikuwa unamuuma, na hapa kwetu mgongo ukiuma watu wote watakuambia uende huko. Yule mzee wa kukanda watu, aliyekulia Goma, alimsugua kwa majani yake akisema, "Mumurudishe hapa mara saba, mugongo itapona." Tukamrudisha mara saba, kisha saba nyingine. Mama alifumba macho, nawe ukamtania kwamba anaiva kama kiazi cha Mudende. Alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa na furaha siku zile, sitaki kudanganya.

Halafu tukaenda Kigali. Daktari alisoma karatasi, akatuambia ni saratani ya mlango wa kizazi, akauliza kwa upole, "Miezi yote hii mlikuwa mnampa tiba gani?" Ukamjibu, "Maji ya moto." Hakukutukana wala hakucheka, aliandika tu. Lakini niliona mabega yako yalivyoshuka. Wiki iliyofuata ukapata kazi Mbarara, ng'ambo ya mpaka, wewe ambaye hata harusi ya Kigali ilikuwa shida kukutoa Gisenyi.

Sasa nikueleze ya huku. Murwaza, yaani yule anayekaa na mgonjwa na kumfanyia kila kitu, hapa kwa Mama ni mimi peke yangu. Nampikia, namfulia, namwogesha. Nimejifunza kumwogesha mama yangu bila kumtazama usoni, kwa sababu anaona haya, na mimi pia. Meza yangu ya vitenge sokoni nimeifunga. Watoto wanakula kwa jirani. Nikirudi kwangu namfokea kila mtu, na juzi nilimfokea binti yangu kwa kosa la kucheka. Mume wangu siku hizi ananisemesha kwa tahadhari, kama mgeni.

Mwezi uliopita tulipokwenda kwa daktari, muuguzi alinishika mkono mimi akanielekeza kitandani, akidhani mgonjwa ndiye mimi. Mama akamwambia, "Mlaze tu, naye anahitaji." Nikalala kweli, kaka, dakika kumi, na viatu miguuni.

Wageni wanaleta maziwa na matunda, wanamuuliza Mama hali, wanasali, wanaondoka. Ni jirani yetu mmoja tu, yule mama aliyetoka Bukavu, aliyenigeukia akasema, "Na we, ulikula lini? Mi naona ni we ndio unaisha." Nililia jikoni kwake mpaka chai ikapoa.

Nilikukasirikia sana. Na mimi nilimshika mkono ule mwingine, lakini ulipoondoka ulijibebea lawama kana kwamba ulikuwa peke yako, ukaniachia kazi. Wiki iliyopita nilimwambia Mama hivyo hivyo, kwa hasira. Naye akasema, "Kaka yako anadhani ameniua. Mwambie damu ilianza kunitoka kabla ya yale maji. Nilificha. Ningemwambiaje mwanangu wa kiume jambo kama hilo? Hata wewe nilishindwa kukuambia." Nilimuuliza kama naweza kuliandika hili watu wakalisoma. Akasema niandike, pengine kuna mama mwingine atasema mapema.

Basi sasa unajua. Hata kama tungempeleka kwa daktari siku ya kwanza, Mama angemwambia ni mgongo tu.

Nami nina la kukuambia ambalo hata mume wangu hajalisikia. Jumanne mchana, nikiwa uani nakamua shuka zake, nilimwomba Mungu imalizike. Sikutaja ugonjwa. Nilisema tu imalizike, na nilijua vizuri ninachoomba. Kisha nikaanika shuka, nikaingia ndani, nikamnywesha uji.

Sikuiti uje umponye. Usilete dawa, usilete maelezo. Njoo ukae naye, umtanie, umgeuze ubavu anapochoka, mimi nikalale kwangu siku mbili. Nimechoka, kaka. Njoo kabla sijaizoea sala ile.

Wako anayekungoja,
mdogo wako, Gisenyi