Mama Yetu Dorca, Aliyeinuka Ibadani Kuanua Omena

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na Ijumaa bado zinatusumbua. Jua likianza kuteremka tunashtuka, tukidhani tutasikia sauti yako ikiuliza kama maji yamejazwa, nguo zimepigwa pasi na chakula cha kesho kimeiva. Ulikuwa mtu wa Sabato kwelikweli. Jua likishazama, hata kijiko hukukiosha.

Siku nyingine zote ulikuwa ufukweni Dunga kabla mashua hazijafika, na jioni uko sokoni Kondele na beseni lako la omena, dagaa wa ziwa letu. Ulijaza gorogoro, kopo lako la kupimia, mpaka ikafurika, kisha ukaongeza konzi moja, ukisema hiyo ni ya paka. Wateja wako wengi hawakuwa na paka, nawe ulijua. Mjukuu wako Aloo ulimwita mke mwenzako, ukamlaumu kila siku kwamba anakuibia Baba.

Lakini watu wa Dunga wanakukumbuka zaidi kwa Sabato moja ya miaka kadhaa nyuma. Asubuhi hiyo mtoto mchanga wa jirani yetu Nasipwondi aliugua ghafla, mama akamkimbiza hospitali. Omena yake ya wiki nzima aliiacha imeanikwa kwenye nyavu kuukuu ufukweni. Omena ikilowa ni chakula cha kuku, na Nasipwondi hakuwa na kitu kingine cha kulishia watoto wake watatu.

Mvua ilinguruma katikati ya mahubiri. Uliinuka na gauni lako jeupe la ushemasi. Nilikushika mkono.

"Mama, leo ni Sabato."

"Nyathina, mwanangu, hii mvua itangoja jua izame?"

Ukatoka. Mimi Jacinta, mzaliwa wako wa kwanza, nilibaki kwenye benchi nikiona aibu. Uliianua omena yote peke yako, ukarudi wakati wa wimbo wa mwisho, gauni limelowa na harufu ya samaki imekutangulia mlangoni.

Debra, shemasi mkuu, alipeleka habari kwenye baraza la kanisa. Mzee Mathews wa baraza hilo alikupenda, akajaribu kukutafutia njia ya kutokea.

"Mama Jacinta, si ungetuma tu mtu mwenye hashiki Sabato?"

"Nimtume mwingine akosee kwa niaba yangu, Mzee? Hiyo sasa ni makosa mbili." Kisha ukasema polepole, "Sabato naipenda, na nyinyi mnajua. Lakini sikujua vile ningempenda Nasipwondi nikiwa nimekaa."

Walikuvua ushemasi miezi sita. Gauni lile ulilipenda kuliko nguo zako zote, na tulikusikia ukilia ulipokuwa ukilikunja. Kesho yake ulimpelekea Debra omena, na ile konzi ya paka juu yake. Miezi yote hiyo ulikaa benchi la nyuma, ukiimba kwa nguvu kuliko kwaya.

Mimi nilikuambia umetuaibisha. Ulinipakulia chakula tu. Neno hilo linanichoma mpaka leo, Mama. Nisamehe.

Sasa sikia habari ya Sabato iliyopita. Tulikuwa ibadani, mawingu yakatanda upande wa ziwa. Omena ya jirani yetu Mzee Wabwire ilikuwa nje, na yeye yuko kitandani, mguu kwenye plasta. Safari hii niliinuka. Nilipofika mlangoni nilimkuta Debra amenitangulia, ameshavua viatu na kulipandisha gauni lake jeupe mpaka magotini.

"Twende haraka," aliniambia. "Mama yako hangengoja hivi."

Tulianua pamoja mpaka ya mwisho, na mvua ikatupata tukiwa tumemaliza.

Unakumbukwa na mume wako, Mzee Zadock Oluoch, ambaye bado anakuachia upande wako wa kitanda; watoto wako Jacinta, Gordon na Okinyi; mke mwenzako Aloo; Nasipwondi na watoto wake watatu, ambao wote wako shuleni; na Debra, aliyetuomba aandikwe hapa pamoja na familia. Tumemwandika.

Daima tutakukumbuka, Mama, na mvua ikinguruma hatutabaki tumekaa.