Kiraka Nilichobandika Igogo

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku tuko salama. Babu yako amepona mguu, ameshaanza tena kugombana na mbuzi.

Umeuliza gundi inashikaje. Kiwanda nilichofanyia kazi kilipouzwa tukarudishwa nyumbani, nikaanza kuziba pancha hapa Igogo. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniona nakwaruza tyubu ya baiskeli yake kwa msasa ili gundi ipate pa kushikia, naipaka, kisha nangoja.

“Bandika, mama, inakauka!”

“Ndivyo ninavyotaka. Ikiwa mbichi, kiraka kitatoka. Kama una haraka, sukuma baiskeli yako.”

Akanung'unika kwamba wanawake hawajui baiskeli. Nilimwacha anung'unike mpaka gundi ilipokauka, ndipo nikakandamiza kiraka.

Wiki iliyofuata alirudi na tyubu nyingine. Nilipopaka gundi, alikaa chini, akangoja ikauke. Nami sikuharakisha hata kidogo.

Bibi yako